Kabla ya Kununua Friji, Muulize Fundi: Kuchagua, Kutunza na Kutengeneza Vifaa vya Umeme Unguja na Pemba

Vifaa vingi vya umeme majumbani mwetu havifi kwa uzee. Friji ambayo ingekaa miaka kumi na tano inazimika mwaka wa tatu kwa sababu umeme ulirudi kwa kishindo, au chumvi imekula mabomba yake ya nyuma, au kidude kimoja kidogo kimeungua na hakuna duka kisiwani linalokiuza. Yote matatu yanaweza kuangaliwa mapema, na mengine hayagharimu hata senti. Naandika haya kwa sababu friji hapa kwetu si anasa. Kuna kina mama wengi wanaosomesha watoto kwa barafu, juisi ya ukwaju na aiskrimu za vifuko. Friji ikifa, biashara nayo imelala.

Nitakaa sana kwenye friji, maana ndiyo ghali na ndiyo inayoharibiwa zaidi. Vingine nitavipitia kwa kadiri ya uzito wake.

Hatua ya kwanza: jua kinachoua vifaa hapa kwetu

Unguja hupata umeme kwa waya unaopita chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni, upande wa Dar es Salaam, hadi Fumba. Pemba iliunganishwa na Tanga kwa waya wa namna hiyo mwaka 2010. Kabla ya hapo ilitegemea majenereta ya dizeli. Watu wa Unguja bado wanakumbuka giza la takriban mwezi mzima mwaka 2008, na lile la miezi mitatu kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Lakini giza refu haliunguzi friji. Friji iliyozimwa miezi mitatu, ikasafishwa na kuachwa mlango wazi, haina neno.

Kinachoiunguza ni umeme kukatika na kurudi papo hapo, mara mbili tatu ndani ya dakika moja. Kompresa inapofanya kazi husukuma gesi upande mmoja kwa presha kubwa. Ikizimwa, presha ile huchukua dakika kadhaa kushuka. Umeme ukirudi kabla haijashuka, mota inatakiwa kuanza huku imebanwa. Haizunguki, inavuta umeme mwingi mara kadhaa kuliko kawaida yake, na joto lote linaishia kwenye koili za ndani. Mara ya kwanza itaokolewa na kikinga joto chake. Ikirudiwa na kurudiwa, vanishi inayofunika waya za koili inachoka, hadi siku moja waya zinagusana.

Umeme mdogo nao unaua. Umeme wetu ni wa volti 230, hertz 50. Magharibi ikiingia, hasa mwezi wa Ramadhani ambapo kila jiko linafanya kazi, taa zikififia ujue volti zimeshuka. Feni itazunguka polepole na basi, lakini kompresa inayoshindwa kuanza inachemka. Hatari kubwa kuliko zote ni waya wa nyutro, ule wa kurudishia umeme, kukatika nguzoni: hapo nyumba moja hupata umeme mdogo mno na jirani yake akapata zaidi ya volti 300. Ukiona taa zimeng'aa ghafla kupita kiasi, zima swichi kubwa kwanza, kisha ndipo upige simu ZECO, shirika la umeme la Zanzibar.

Baada ya umeme ipo chumvi. Anayekaa Jambiani, Nungwi, Mbweni au Mkoani anajua bawaba za mlango zinavyooza. Basi ndivyo zinavyooza pini za ndani ya soketi, mabomba ya friji na viunganishi vya bodi, yaani ile sahani ya saketi inayoendesha kifaa. Na maji yetu, kwa kuwa sehemu nyingi za visiwa hivi zimekaa juu ya mawe ya matumbawe, yana chokaa nyingi. Huo ukoko mweupe ulioko ndani ya birika la umeme umo pia ndani ya mashine ya kufulia, hata kama huuoni. Visima vya pwani vinaongeza chumvi juu ya chokaa.

Hatua ya pili: nenda kwa fundi kabla ya dukani

Watu hufanya kinyume. Wanapita Darajani au Mlandege, wanapenda rangi na mlango wa kioo, wanalipa, kisha fundi wanamwona siku kifaa kimekufa. Mtafute fundi wa mtaani kwako angali huna shida, umsalimie, umuulize. Mazungumzo huwa hivi:

"Assalamu alaykum, fundi. Nataka kununua friji, nakuja kwako kwanza. Zipi unaletewa sana?"

"Wa alaykumu ssalaam, karibu mama. Zinazoletwa sana si lazima ziwe mbovu, huenda ndizo zilizo nyingi mitaani. Wewe niulize zipi nikiletewa zinarudi kwa mwenyewe zinafanya kazi."

Fundi akikujibu hivyo, mshike. Swali hilo ndilo lenye faida: ipi inatengenezeka hapa? Muulize spea zake anazipata wapi, na ngapi kati ya hizo zinapatikana bila kuagizwa Dar es Salaam au Dubai. Muulize pia ipi alishindwa nayo, na alishindwa kwa nini. Akikutajia modeli tatu ambazo bodi zake hazipatikani, umeshaokoa pesa nyingi kwa bei ya salamu.

Kwa walioko Pemba hatua hii ina uzito zaidi. Spea ya kutoka Unguja ni ya kusubiri boti, na ya kutoka bara inasubiri zaidi. Nunua kile ambacho mafundi wa Chake Chake au Wete wanakijua, hata kama shemeji yako wa mjini anakisifu kingine.

Hatua ya tatu: soma kibandiko

Kila kifaa kina kibandiko cha maelezo nyuma, pembeni au ndani ya mlango. Kipige picha kwa simu kabla hujalipa, na picha hiyo uihifadhi. Itakuhitajika siku ya kutafuta spea, wakati kibandiko chenyewe kimeshaliwa na kutu.

Tazama kwanza volti na hertz. Vifaa vya Oman, Dubai na Uingereza vinaendana na umeme wetu, na plagi zake za pini tatu za mraba zinaingia kwenye soketi zetu. Vya Saudi Arabia vina hertz 60, nalo ni jambo linalowapita wengi wanaoletewa zawadi na ndugu au wanaorudi na mzigo kutoka Umra. Mota ya hertz 60 ikiendeshwa kwa hertz 50 huzunguka polepole zaidi na hupata joto zaidi. Vya Marekani ni volti 120, vya Japani ni volti 100; hivyo bila transfoma vitaungua siku ya kwanza. Chaja na televisheni zilizoandikwa 100 hadi 240 hazina tatizo.

Kwenye friji tafuta pia daraja la hali ya hewa, herufi ambazo wauzaji wengi hawazitaji. SN na N ni friji zilizopangiwa vyumba visivyozidi nyuzijoto 32. ST hufika 38, na T hufika 43. Jiko la nyumba ya bati mwezi wa Februari, na mkaa unawaka pembeni, linapita 32 bila taabu. Friji ya N haitakufa siku hiyo hiyo, ila kompresa yake haitapumzika, na uniti za TUKUZA, umeme wetu wa kulipia kabla, zitakuonyesha. Chukua T, au iliyoandikwa mchanganyiko unaofika T.

La mwisho ni aina ya gesi. R600a ndiyo iliyo katika friji nyingi mpya, R134a katika nyingi za miaka ya nyuma. Ukikuta R12, friji hiyo ni ya zamani sana na gesi yake ni miongoni mwa zile zilizopigwa marufuku chini ya mkataba wa Montreal wa 1987 kwa kuharibu tabaka la ozoni. Usinunue.

Hatua ya nne: chagua kinachofunguka

Hapa ndipo nina msimamo mkali. Kifaa ambacho hakifunguki bila kuvunjwa hakikufai, hata kama kinatoka kampuni kubwa.

Kigeuze. Kina skrubu za kawaida za bisibisi, au kimegandishwa kwa gundi na vishikizo vya plastiki? Swichi zake ni za kuzungusha kwa mkono, au ni kioo cha kugusa? Kitufe cha kuzungusha kikifa, fundi anaweka kingine siku hiyo hiyo. Kioo cha kugusa kikiingia unyevu wa masika, mashine nzima inasimama ikisubiri bodi.

Kwa kufulia, napendelea bila kusita mashine ya mapipa mawili, moja la kufulia na moja la kukamulia. Haihitaji presha ya maji. Unaijaza kwa ndoo siku mfereji haujatoka. Ina mota mbili, mkanda, kapasita (kidude kinachoisaidia mota kuanza) na saa ya kuzungusha, vyote vinavyouzwa mmoja mmoja. Mashine ya otomatiki ya mlango wa mbele inafua vizuri zaidi na kwa maji machache, sikatai, lakini inataka presha, sabuni isiyotoa povu jingi, na fundi anayejua bodi. Ukiichagua, muulize muuzaji kama pipa la plastiki linaloshika ngoma limefungwa kwa bolti au limechomelewa. Lililochomelewa likiharibika beringi, pipa zima linabadilishwa, na hapo watu wengi huitupa mashine iliyo nzima sehemu nyingine zote.

Friji za inveta, ambazo bodi huongeza na kupunguza kasi ya kompresa badala ya kuiwasha na kuizima, zinataka mizani. Zinaanza taratibu bila kuvuta umeme kwa kishindo, zinatumia umeme mdogo, na zinafaa kwa aliye na sola au jenereta. Roho yake iko kwenye bodi, na bodi ndiyo inayopigwa na umeme mkubwa. Tangazo la waranti ya miaka kumi kwa kawaida ni la kompresa peke yake: bodi, gesi na ujira wa fundi havimo. Soma karatasi hiyo. Kama wakala aliyeko Zanzibar anakuonyesha kwamba bodi anazo, nunua inveta. Kama anasema "zitaletwa", chukua friji ya kawaida na frijigadi, kile kifaa cha kuikinga friji na umeme mbaya.

Kuna msaada mmoja kutoka mbali. Tangu Machi 2021 sheria za Umoja wa Ulaya zinawataka watengenezaji wa friji na mashine za kufulia zinazouzwa huko kuhakikisha spea muhimu zinapatikana kwa miaka kati ya 7 na 10 baada ya modeli kuacha kuuzwa. Ufaransa nayo Januari 2021 ilianza kutaka baadhi ya vifaa, zikiwemo mashine za kufulia na televisheni, vibandikwe alama ya urahisi wa kutengenezwa, 0 hadi 10; mwaka 2025 hivyo viwili vilihamishiwa alama ya kudumu. Sheria hizo hazifiki kwetu. Ila modeli inayouzwa Ulaya mara nyingi ina namba za spea na michoro kwenye intaneti, na fundi mwenye simu anaweza kuitumia. Linganisha namba ya modeli herufi kwa herufi, kwa sababu kampuni moja huuza jina lile lile Ulaya na Ghuba, ndani vikiwa vitu tofauti.

Blenda: uliza kama kile kigurudumu cha meno kinachounganisha jagi na mota kinauzwa peke yake. Ndicho kinachokatika kwa kusaga nazi ngumu. Feni: chukua yenye kichwa cha chuma kinachofunguka kwa skrubu. Pasi: ya kawaida isiyo na mvuke, kwa sababu chokaa yetu huziba matundu ya mvuke upesi.

Hatua ya tano: mtumba ujaribiwe mbele yako

Mtumba mzuri unashinda kipya kibovu, na nyumba nyingi zina friji za mtumba zinazofanya kazi vizuri. Sharti ni moja: ijaribiwe ukiwepo. Fika asubuhi, mwambie muuzaji aiwashe, weka kikombe cha maji kwenye freza, kaa ndani ya kivuli ungoje. Baada ya saa mbili kuta za freza ziwe baridi zote, si kona moja tu, na maji yaanze kushika utando wa barafu. Friji iliyokuwa tayari inawaka ulipofika haijakuthibitishia kitu.

Ikiwa inanguruma, iinamie. Tazama chini na nyuma: kutu iliyofunikwa kwa rangi mpya, mabomba yaliyounganishwa upya, kompresa isiyolingana na kibandiko. Kuunganishwa upya si kosa, lakini uliza nani alifanya na kwa nini. Kisha bana noti ya shilingi elfu kwenye mlango na uivute. Ikitoka bila kushikwa, mpira wa mlango umechoka. Zunguka nayo pande zote nne.

Dai risiti yenye jina la duka, namba ya kifaa na muda wa dhamana, hata kama dhamana ni wiki moja. Muuzaji akikataa kutimiza aliloandika, malalamiko ya mnunuzi yanapelekwa Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar. Bila risiti utakwenda mikono mitupu.

Hatua ya sita: kuifikisha na kuifunga

Friji isafiri imesimama. Najua si rahisi: kutoka bandari ya Malindi hadi Mkoani, halafu gari la mizigo hadi Konde, mtu atailaza tu. Ikilazwa, mafuta ya kompresa huingia kwenye mabomba. Ukiifikisha isimamishe, usiiwashe, iache imesimama hivyo usiku mzima. Subira ya usiku mmoja inaokoa kompresa.

Iweke mbali na jiko, na jua la dirisha lisiifikie. Acha nafasi ya kiganja kizima kati yake na ukuta, kwa sababu joto linalotolewa ndani ya friji lazima lipate pa kwenda.

Plagi ya Ulaya yenye pini mbili za duara isilazimishwe kwenye soketi yetu kwa kuchomeka kalamu kwenye tundu la juu. Nimeona hili katika nyumba nyingi mno, na watoto wanaliiga. Plagi ile inakaa kwa kulegea, inachemka, na kifaa hakina ethi, yaani waya wa usalama unaopeleka umeme ardhini. Ikate, funga plagi ya pini tatu: waya wa kahawia kwenye pini ya fyuzi, wa buluu upande wa pili, wa kijani na njano kwenye pini ndefu ya juu. Fyuzi ya ampea 13 ni ya birika, pasi na mashine ya kufulia yenye hita. Feni na taa zinatosha ampea 3. Ukiiwekea feni fyuzi ya 13, waya utaungua kabla ya fyuzi.

Friji inayopiga shoti ukiigusa pekupeku haina "umeme kidogo tu". Ethi ya nyumba haipo au imekatika. Mwite fundi umeme aipime, na umwombe aweke swichi ya kukata umeme unapovuja, ile ya miliampea 30. Hiyo inakinga mtu.

Sasa frijigadi. Kama utanunua kitu kimoja baada ya kusoma mwongozo huu, kiwe hiki. Kinakata umeme ukizidi au ukipungua, na umeme ukirudi kinasubiri dakika kadhaa kabla ya kuiruhusu kompresa, hadi presha ishuke. Soma boksi: liwe limeandikwa kwamba linakinga umeme mkubwa na mdogo pia, kwa sababu vipo vinavyokinga upande mmoja tu. Ampea zake zilingane na mzigo. Cha friji hakibebi kiyoyozi. Na usichomeke friji na birika kwenye frijigadi moja kwa kutumia ekstensheni.

Asiye na uwezo wa kuinunua mwezi huu afanye kwa mkono. Umeme ukikatika, chomoa. Ukirudi, ngoja kama dakika tano utulie, ndipo uchomeke.

Hatua ya saba: matunzo

Haya ni mafupi. Kila baada ya miezi michache chomoa friji, ivute, futa vumbi kwenye mabomba ya nyuma kwa brashi laini, na pwani futa pia kwa kitambaa chenye maji baridi kidogo kuondoa chumvi, kisha kausha. Kitengo cha nje cha kiyoyozi kioshwe kwa maji matamu, na mara nyingi zaidi upepo unapotoka baharini kuja upande wako. Mpira wa mlango uoshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni. Uliojikunja hurudi ukikandwa kwa kitambaa cha maji ya moto.

Barafu ya freza usiibandue kwa kisu wala bisibisi. Ukuta ule ni bati jembamba la alumini lenye njia za gesi ndani. Tundu moja dogo na friji imekwisha kugandisha. Zima, fungua mlango, weka sufuria ya maji ya moto ndani, ngoja. Wauza barafu ndio wanaoingia mtego huu zaidi kwa sababu vifuko vinashikana na ukuta na mteja yuko mlangoni. Tandika karatasi ya plastiki chini ya vifuko tangu mwanzo.

Birika: chemsha maji yenye siki au ndimu, acha yapoe humo, suuza. Mashine ya kufulia: safisha kichujio cha pampu, utakuta sarafu na pini za ushungi. Blenda: saga nazi kwa mafungu, mota ipumzike kila baada ya dakika moja hivi.

Hatua ya nane: imeharibika, angalia haya kwanza

Friji ikiwa kimya kabisa, chomeka chaja ya simu kwenye soketi ile ile. Kama haipati umeme, tatizo si friji. Angalia uniti, fyuzi ya plagi, na kama frijigadi bado inasubiri.

Taa ya ndani inawaka lakini kompresa inatoa "tik" kila baada ya dakika chache bila kuanza? Inawezekana volti ni ndogo, inawezekana ni rilei, swichi ndogo ya kuianzisha kompresa, inayokaa ubavuni mwake. Rilei ni kitu cha bei ndogo. Fundi asikuambie kompresa imekufa kabla hajaijaribu kwa rilei nyingine.

Inanguruma mchana kutwa lakini haipoozi? Hapa ndipo watu wengi wanapopotezewa pesa kwa kutiwa gesi isiyohitajika. Kwa friji isiyoshika barafu, ile yenye feni ndani, fanya hivi: toa vyakula, izime, acha milango wazi siku nzima na kitambaa chini cha kunyonya maji. Iwashe. Ikipooza vizuri kwa siku kadhaa kisha ikarudia ugonjwa, gesi ipo. Kilichokufa ni mfumo wa kuyeyusha barafu, yaani hita, sensa au saa yake, na barafu imeziba njia ya hewa. Mwambie fundi maneno hayo hayo.

Gesi ya friji haiishi kwa kutumika. Mfumo umefungwa, kama imepungua, imevuja. Kwa hiyo fundi anayesema "tutaongeza gesi" bila kutafuta tundu anakuuzia miezi michache. Muulize kwa heshima kama ana pampu ya kunyonya hewa na mizani. Kazi inavyopaswa kwenda ni hivi: anatafuta panapovuja, anaziba, anabadilisha drayeri (kichujio cha kunyonya unyevu), ananyonya hewa na unyevu, ndipo anatia gesi kwa kuipima kwa gramu kama kibandiko kinavyosema. R600a hutiwa kidogo sana, makumi ya gramu tu, na inawaka moto. Kwanza itolewe nje penye hewa, ndipo tochi ya kuchomea iwashwe. Fundi anayetaka kutia R134a kwenye friji ya R600a kwa kuwa ndiyo aliyonayo, mshukuru na umtafute mwingine.

Mashine ya mapipa mawili inayonguruma bila kuzunguka: mkanda au kapasita. Inayopiga kelele kama lori wakati wa kukamua: beringi, na usiendelee kuitumia. Feni inayohitaji kusukumwa kwa kijiti ili ianze, kapasita yake imechoka. Inayokwaruza, bushi imekauka. Tia mafuta ya cherahani, usitie ya nazi maana hunata. Pasi isiyopata moto, angalia waya shingoni pake panapojikunja, kisha fyuzi ya joto iliyomo ndani. Fyuzi hiyo ibadilishwe kwa nyingine ya nyuzijoto zile zile. Kuiruka na kuunga waya moja kwa moja ni kuweka moto juu ya nguo na nyumba, na hakuna fundi anayestahili kulipwa kwa kazi hiyo.

Mikrowevu usifungue. Hata ikiwa imechomolewa, kapasita yake inaweza kuwa imeshika umeme wa maelfu ya volti. Mwachie aliyesomea.

Hatua ya tisa: unapompelekea fundi

Mwambie dalili, usimwambie ugonjwa. "Inazima baada ya dakika kumi, hasa magharibi" ina faida kuliko "gesi imekwisha". Kubalianeni kwanza bei ya kuangalia, na kwamba hatabadilisha kitu kabla ya kukupigia simu. Mwombe akurudishie spea kuukuu aliyoitoa. Si kumshuku, ukitaka kununua nyingine unayo ya mfano, na ukiwa Pemba utaituma picha yake pamoja na namba iliyoandikwa juu, upande wa mbele na wa nyuma.

Mlipe vizuri anayekuambia ukweli. Fundi aliyekuambia "ni waya tu, nenda nayo" na ukamlipa kidogo kwa sababu hakubadilisha kitu, kesho anajifunza kubadilisha vitu. Na kama mtoto wako anapenda kufungua redio, vipo vituo vya mafunzo ya amali Mwanakwerekwe, Mkokotoni na Vitongoji. Visiwa hivi vinahitaji mafundi wa bodi kuliko vinavyohitaji maduka mengine ya friji.

Hatua ya kumi: pale isipotengenezeka

Feni, mashine ya mapipa mawili na jiko la umeme nitatengeneza karibu kila mara. Friji yenye kompresa iliyokufa nitautazama mwili wa nje kwanza: ikiwa bati la chini limeoza kwa kutu na mpira wa mlango haufai tena, kompresa mpya itaishi ndani ya kaburi. Ikiwa mwili ni mzima na gharama haifiki nusu ya bei ya friji kama hiyo, itengenezwe.

Ikishindikana, usimpe mnunua vyuma chakavu ikiwa na gesi akaikatie mabomba uani kwako. Fundi aitoe kwanza. Vua thamostati, feni, taa, rafu na vitasa, umpe fundi wako. Spea nyingi za mtaani zinatoka humo. Halafu ng'oa mlango siku hiyo hiyo, kabla haijatolewa nje. Mtoto akijificha ndani ya friji ya zamani yenye kitasa cha kujifunga hawezi kuufungua kutoka ndani, na mpira wa mlango hauachi hewa kupita.